Kitako cha Sado

Nilibatizwa Igombe, mwezi wa sita, maji ya baridi.
Mchungaji Lutonja alinishika kisogo
akanizamisha kama mtu anayeloweka shuka,
nikaibuka na jani la gugumaji sikioni,
nikisubiri kuwa mtu mwingine.

Jumatatu nilikuwa mwaloni Kirumba,
turubai lilelile, dagaa walewale,
na sado yangu, ambayo kitako chake
nilikigonga kwa jiwe zamani kikabonyea ndani
kiasi cha ngumi moja.
Ngumi moja kila sado. Piga hesabu mwenyewe.
Lusato alisoma kwa ngumi hiyo.

Nilidhani wokovu ni kama umeme:
unalipia, wanakuja, wanawasha.
Kumbe ni kama nyumba zetu za mlimani Mabatini.
Mwaka huu tofali ishirini, unazipandisha kichwani
ukipita kati ya mawe;
mwakani mfuko wa saruji;
kisha mvua inashuka na ukuta wa choo,
nawe unaanza upya,
na muda wote huo unapaita kwangu.

Kitu cha kwanza kuniacha kilikuwa viapo.
Uongo ulibaki. Viapo tu vilikwenda:
niliona haya kulitaja jina Lake
juu ya dagaa wenye mchanga.
Baadaye nikazoea kusali kabla ya kupima,
nikafumbua macho, nikapima kwa sado ileile,
wala sikuona ajabu.
Miaka saba, nadhani, Bwana aliketi nami turubaini
akikitazama kitako, kimya,
huku nzi wakitua.

Halafu Mbuke, yule anayepika karibu na Bugando.
Wenzake hukodoa macho nikipima,
hutikisa sado, huteta, hudai.
Yeye hufungua mfuko, akageuka kulitazama ziwa.
Siku moja nikamuuliza, mbona huangalii?
Akasema, "Si upo wewe?"

Usiku ule sikula.
Nilichukua jiwe, nikagonga kwa ndani.
Bati lililia hadi jirani akauliza kuna nini.
Nilikitoa nusu.
Naam, nusu; ada ya muhula ilikuwa inadaiwa,
na imani yangu ilikuwa na urefu huo.

Nusu ya pili ilikaa miaka miwili.
Siku nilipoigonga hapakuwa na machozi wala mapambio,
nilikuwa nasubiri maharage yaive.

Bati halisahau. Mkunjo umebaki,
ukipitisha kidole utaugusa.
Lusato anasema, mama, nunua nyingine,
bei yake haifiki hata nauli ya Ukerewe.
Anasema kweli. Lakini hii naijua,
nayo inanijua.
Kwa hiyo nikishapima, ninachota ngumi moja
na kuiweka juu.
Wateja wanaiita nyongeza, wananiombea baraka.
Mimi najua ni deni.

Asubuhi magugumaji huwa yamerudi gatini,
yale yale tuliyoyang'oa jana,
na vijana wanaingia tena majini na mapanga
bila kulaumu mtu.

Jana ngumi yangu ilikuwa ndogo.
Kidogo tu; hakuna aliyeona.
Niliiona mimi, ikining'inia juu ya sado.
Nikaifungua,
nikachota tena.