Sanduku Namba 53

Kalamu ya wino iache kwa Eila pale mlangoni,
na koti, na kahawa, na theluji ya viatu.
Humu tunaingia na penseli tu
na mikono iliyonawa ikakauka.
Glavu? Hizo ni za sinema.
Kidole kitupu husikia karatasi inapoanza kuchanika,
pamba haisikii.

Ghorofa ya chini ya maktaba ya chuo,
chini ya wanafunzi waliosinzia juu ya hesabu zao,
kanda nzima imelala kwenye masanduku:
migodi kumi na minne ya shaba, yote imefungwa,
magazeti ya Kifini yenye hofu ya Mungu
na magazeti ya Kifini yasiyoogopa hata polisi,
risiti za baruti,
kitabu cha mapishi cha akina mama wa Kimethodisti,
siagi ya mwaka 1926 ikiwa bado ukurasa wa arobaini.

Wahenga walisema mali bila daftari
huisha bila habari.
Hapa mali iliisha na habari zake zote,
senti kwa senti, kwa mwandiko mzuri.

Kazi yangu ya kwanza asubuhi ni kusoma ukuta:
nyuzijoto kumi na nane, unyevu asilimia arobaini.
Ukipanda, nimealika ukungu.
Ukishuka, gundi hukatika, na usiku
majalada hulia kama magoti.
Kisha naketi na kibanio, nang'oa pini.
Kila pini imeacha kovu la kutu
juu ya jina la mtu.
Machi ile bomba lilipopasuka
tulianika ramani za chini ya ardhi
kwenye uwanja wa mpira wa kikapu,
feni zikivuma, Profesa Trembath akilinda mlango
asije kijana na mpira.

Jumanne alikuja Waino Hietikko,
miaka themanini na mmoja,
kofia ya masikio hakuivua.
"Babu yangu alichimba Namba Sita.
Nimekuja mara tatu. Hayumo."
Alikuwa amemtafuta kwa k mbili, kwa k moja,
bila h, kwa herufi za kubahatisha.

Karani wa kampuni hakuwa na sikio, alikuwa na foleni.
Kwa hiyo sikuuliza jina. Niliuliza alilala wapi.
"Kwa mama Kuusela, nyumba ya wapangaji."
Na jina lenu lina maana gani?
"Mahali penye mchanga."

Sanduku namba 53, daftari la makato.
Lilifunguka taratibu juu ya mto wa sponji,
na kwa mama Kuusela, kitanda cha tano,
aliandikwa John Sand:
mishumaa, senti sitini;
daktari, dola moja;
beleshi lililopotea, dola mbili.

Mzee alikaa kimya hadi nikaogopa.
Halafu mabega yakaanza kutikisika.
"Halikupotea," alisema. "Liko bandani kwangu.
Lina chapa ya kampuni kwenye mpini.
Leo asubuhi limenichimbua mlangoni nije huku."

Eila alicheka hadi akatoka nje,
maana ndani ya chumba kile hatucheki.

Aliuliza kama tunapokea mabeleshi.
Hatupokei; kanuni yasema karatasi na picha.
Aliuliza kama deni bado lipo.
Nikamwonyesha: walikwisha kumkata, Aprili 1911,
kamili, na mhuri.
"Basi ni letu," alisema,
akaivua ile kofia.

Alipoondoka nilirudisha daftari, mgongo chini,
nikafunga utepe bila kukaza.
Katika faharasa, kwa penseli laini
inayoweza kufutwa na ajuaye kuliko mimi,
nikaandika: Sand, John. Tazama Hietikko.

Nikasita, nikaongeza mstari
ambao mkuu wangu bado hajauona:
Beleshi limeonekana. Linafanya kazi.