Makovu ya Jumamosi

Jumamosi, Tampere. Tumekaa uchi kwenye sauna,
mama juu kabisa, Hilma katikati, mimi mlangoni.
Theluji imefika dirishani.
Mama anamwaga maji, mawe yanamfyonya.

Kovu lake limeshuka wima
toka kitovuni hadi kwenye nywele.
Mwili wote unatoka jasho, pale pakavu.
Mwaka wa sabini na nne: uvimbe,
wenyewe haukuwa na ubaya wowote,
walisema, mkubwa tu, kama chungwa.
Daktari alimweleza baba, ukumbini.
Baba alivua kofia, akatia sahihi.

Mama aliamka, kizazi hakipo.
Alikuwa na miaka thelathini na miwili.
Akauliza wamekiweka wapi.
Nesi akanyoosha shuka.
Siku kumi na sita kitandani, mfuko wa mchanga tumboni,
na vizazi vingapi viliondoka na kile kimoja
hakuna aliyehesabu. Yeye labda.

Mimi sina la kuonyesha. Changu walikitoa kwa njia ya chini,
nilikuwa nimechoka kuvuja damu, nilikubali,
sijajuta. Tuendelee.

Hilma ana nukta nne.
Ukimtazama haraka utadhani kaumwa na mbu.
Kamera nyembamba kama penseli,
uvimbe mitatu ikakatwa ndani ya mfuko
ikavutwa vipande vipande kitovuni,
kesho yake karudi nyumbani kwa tramu
na njiani akanunua mkate.

Mama anainama. Kidole chake kilichopinda
kinagusa nukta ya kwanza, ya pili,
kama anayebonyeza kengele ya nyumba
asiyo na hakika kama ina watu.
"Na kizazi?"
"Kipo, bibi."
"Kipo?"
"Waliniuliza ninataka nini. Nikasema kibaki."
"Walimuuliza Rasmus?"
Hilma anacheka. "Rasmus alikuwa kazini."
"Kwa hiyo walimuuliza nani?"
"Mimi."

Mama hasemi kitu.
Anachota kata nzima, anaimwaga yote,
kisha nyingine, mpaka ndoo inakwaruza.
Mvuke unatushukia kama mbwa,
tunakimbilia ubao wa chini, pua zinaungua,
Hilma anapiga kelele, Bibi, inatosha!

Yeye amebaki juu, mgongo umenyooka,
macho kwenye mawe.
"Wewe," anasema.
Na baada ya muda, kwa sauti ya mtu anayejifunza kutamka:
"Walikuuliza wewe."