Dirisha Linalofunguka

Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya duka la saa,
karani Unnikrishnan ananiuliza tena:
"Juu, kati, au chini?"
Namkodolea macho.
Mimi mzaliwa wa Maskati, miaka arobaini na tatu,
treni nimeipanda kwenye televisheni tu.
Anageuza kioo cha kompyuta: vitanda vitatu vitatu,
vimepangwa ukutani kama mashubaka.
Mama ana goti bovu, namwambia.
Goti ndilo linalosafiri, sisi tunalisindikiza.
"Basi chini," anasema, na kuandika.

Ndege mpaka Kochi, kisha reli hadi Coimbatore,
hospitali ya mifupa, daktari wa Jumatano.
Tiketi mbili, behewa la kiyoyozi,
riali tano na baisa mia sita,
na jina la mama limekatwa katikati
kwa kuwa mashine imeshindwa kuumeza ukoo wote.

Printa inakohoa. Yeye, bila kuniangalia:
"Mtapita kwetu. Ottapalam.
Saa kumi na dakika kumi na mbili.
Inasimama dakika mbili."
Umekwenda lini mara ya mwisho?
Anahesabu kwa vidole, halafu anaacha.
"Mama yangu anakaa nyuma ya stesheni.
Treni ikipiga honi, sufuria zake zinaitikia."

Nyumbani, Al Khoudh, namsomea mama tiketi
kama tulivyokuwa tukimsomea barua.
Ananisikiliza mpaka kwenye zile dakika mbili.
"Ana mama?"
Anaye.
"Na sisi tupite mlangoni pa mtu mikono mitupu?"
Kisha, kama jambo lililokwisha amuliwa:
"Halua. Ya zafarani. Utaagiza Barka."
Mama, madirisha ya behewa la kiyoyozi hayafunguki.
Anavua miwani.
"Yaani nimelipa riali tano nifungiwe chupani?"

Keshoye niko tena ngazini.
Unnikrishnan haamini: watu huja kupanda daraja,
hajamwona aliyekuja kuomba kushuka.
"Mwezi wa tano, dada. Joto. Vumbi."
Namfikishia maneno kama nilivyotumwa:
"Mwambie mimi naishi Maskati."
Anacheka. Ndipo ninapomweleza sababu,
na kicheko kinabaki usoni bila mwenyewe.
Anafuta, anaandika, anafuta.
Daraja la kawaida, chini, dirishani, upande wa jukwaa.
Ananirudishia riali tatu na chenji;
ada yake hakuichukua, nami najifanya sijaona.
"Ila dirisha lina nondo," anasema,
ananionyesha nafasi: vidole vinne. Vyake, vyembamba.
Anapiga simu kwao. Kimalayalam kinamwagika
kama choroko kwenye sinia ya bati,
naokota punje moja tu: halua.

Basi kwetu siku hizi ni mazoezi.
Nasimama uani, nje ya dirisha la jiko,
nimeshika wavu wa oveni mbele ya uso:
mimi ndiye Ottapalam.
Mama yuko ndani, kiti cha plastiki, goti kalinyoosha.
Bakuli la kwanza lilikwama.
La pili lilipita, kifuniko kikabaki.
Sasa kampigia muuza halua, anataka kopo bapa,
"bapa, baba, kama pasipoti ya mtu mnene."
Mwanangu Azzan ndiye mshika saa.
"Imefika!"
Mama anapitisha kopo, anapitisha na salamu,
"Mwenzangu, hujambo, mwanao mzima,
nasikia kakonda kidogo, lakini mzima,"
kwa Kiswahili, maana hana lugha nyingine ya haraka.
"Sekunde arobaini na nane!"
Anajipangusa mafuta vidoleni, hajaridhika.
"Rudia. Na wewe huko nje, lia kidogo.
Mama wa watu atalia tu,
lazima na hilo tulihesabie muda wake."