Nguzo ya Tano

Ufunguo ni shibiri nzima, mzito kama deni,
nami nimeufunga kwa kamba ya kiatu cha marehemu mume wangu.
Mlango wa kusini hautaki nguvu, unataka goti:
sukuma hapa chini, palipong'aa,
ambapo magoti ya miaka mia saba yamelainisha mwaloni.

Karibu Aslethorpe. Vua kofia au uiache,
ugomvi huo tuliumaliza zamani.

Mnara ni wa mviringo kwa kuwa nchi yetu haina mawe ya pembe.
Tuna gumegume tu, linalofukuliwa na jembe kila mwaka
kama zao ambalo hakuna aliyelipanda.
Mlango wa kaskazini ulizibwa. Walisema shetani
alitokea pale mtoto anapobatizwa.
Siku hizi nje yake pana tangi la mafuta.

Lakini umekuja kwa ajili ya nguzo.
Hesabu kutoka mashariki: moja, mbili, tatu, nne,
kila kichwa kimevikwa majani ya mwaloni,
yamechimbwa hata kidole kinapita nyuma yake.
Kwenye ya tatu kuna konokono. Mtafute mwenyewe.

Ya tano ina majani upande mmoja.
Upande wa pili ni jiwe tupu
na mikwaruzo myembamba ya ncha ya tindo:
hapa jani, hapa jani, hapa

Katika hesabu za bwana wa shamba, Hamo mwashi
analipwa kila Jumamosi: peni na pombe ya shayiri.
Jumamosi ya mwisho ya Juni, jina lipo, malipo hayapo.
Jumamosi iliyofuata hakuna mwandishi.

Tauni ilipopita, wengine wakamaliza.
Tazama ya sita: pembe nane, haina jani, haina konokono.
Sisemi walikuwa wavivu.
Nani achonge majani
shayiri ikiwa imesimama bila mvunaji?

Wakaja baadaye watu wa brashi na ndoo za chokaa.
Mtakatifu wa ukutani wakamfuta, wakasahau mguu wake mmoja,
umesimama bado ndani ya mto, na samaki watatu.
Watoto wa Jumapili wamewapa samaki majina. Mguu hawana habari nao.

Kisha Kasisi Tillett, enzi za babu wa babu yangu,
mtu asiyevumilia kitu nusu. Hata supu, wanasema,
aliinywa yote kabla hajazungumza.
Akamwita mchongaji kutoka Norwich, akampandisha ngazi.
Jani moja alichonga. Hilo hapo, safi mno,
kama jino la dhahabu kwenye kinywa cha mkulima.
Adhuhuri akashuka, akafunga vyombo vyake, akakataa ujira.
Kwenye risiti aliandika tu: Kazi ina mwenyewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumefanya yote mawili,
na bado maji yanaingia.
Mwaka juzi wezi walibandua paa usiku mmoja,
risasi yote, kilo kwa kilo, na ngazi wakatuachia.
Tumeezeka chuma cha pua. Popo hawakukipenda,
wamehamia juu ya kinanda.

Jumapili tunakuwa saba. Nane, Edgar Pask akipata nafuu ya nyonga.

Mimi hufagia Jumamosi.
Chini ya ya tano vumbi huwa jeupe kuliko kwingine,
laini, kama unga uliochekechwa.
Nimemwambia mtaalamu wa dayosisi. Akagusa, akanusa,
akasema ni chumvi ya ukutani, unyevunyevu, jambo la kawaida.
Bila shaka.
Hata hivyo huwa nalifagia mwisho,
baada ya kugonga mlango kidogo kabla sijaingia.

Ukitoka, vuta kwa nguvu, kisha goti.