Kwa Saa

Kabla ya barua tulimwita Bwana Lambati.

Babu yangu Anaeli, mgawa maji wa mfereji,
alikuwepo ilipofika kutoka posta ya Moshi,
bahasha yenye ukingo mweusi.
Bwana alikuwa majini, suruali kaikunja magotini,
anazibua majani ya mgomba.
Akasoma. Akacheka, au alikohoa,
Babu hakuwa na hakika.
"Kaka amekufa. Sasa mimi ni baroneti."
"Kitu gani hicho? Kinalimwa?"
"Hapana."
"Watoto hugawana?"
"Hapana. Huchukua wa kwanza, kizima kizima."
"Na mdogo?"
"Mdogo hupewa nauli."

Kwetu Machame wa kwanza ana kihamba chake,
kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba,
wa katikati hutafuta.
Babu alikuwa wa katikati.
Wangeweza kucheka pamoja pale, wawili waliokosa,
ila nauli ile ilinunua ekari mia nne,
na ndani ya ekari hizo, chini ya buni,
amelala bibi yake Babu.

Toka siku ile wazungu wenzake wakamwita "Sa".
Sisi tukasikia Saa.
Ikamfaa: kengele ya kiwandani alipiga mwenyewe,
kumi na mbili kasorobo, umande haujaondoka.
Ukutani alitundika picha ya nyumba ya kwao,
madirisha sitini na moja (mama aliyahesabu akifuta vumbi).
Kila mwaka barua: paa linavuja,
uza shamba la mtoni,
uza msitu.
Kahawa yetu ikaenda kuziba paa
ambalo hakuna kati yetu aliyelala chini yake,
naye pia hakulala.

Serikali ilipochukua mashamba
alikuja kuaga kwa miguu, bila kofia.
Mkononi, jani la isale, limefungwa fundo.
Kwetu jani hilo ni mpaka,
na likifungwa hivyo ni kuomba radhi,
huwezi kulikataa.
Je, alijua? Au alilichuma tu njiani,
vidole vikalichezea kwa unyonge?
Babu alilipokea. Hakuuliza.
Alikufa miaka ishirini baadaye, bado hajaamua.

Ubaroneti umekwenda kwa mpwa, nasikia, muuza bima.
Mfereji unapita palepale.
Na shamba bado linaitwa Kwa Saa;
mgeni akielekezwa huko
husimama kidogo, akauliza:
saa ngapi?