Swali la Kumi na Nne

Fomu zimekuja Jumapili, karatasi arubaini na mbili,
Kiarabu upande mmoja, Kiingereza upande wa pili,
na katikati mimi, niliyeajiriwa kuhesabu mishahara.
Naambiwa: wewe una Kiswahili cha nyumbani,
wasomee wale wa Kenya na wa Uganda.
Moja ni sikubali kabisa. Tano ni nakubali kabisa.
Bwana Ghasani anautaka wastani kabla ya Alkhamisi.

Kiwanda chetu kipo Karsha, nje kidogo ya Nizwa.
Tunaosha tende, tunazitoa kokwa, tunazitia katoni.
Asubuhi utamu unakukaba koo mlangoni,
jioni nyuki wanakusindikiza mpaka kwenye basi.

Neno la kwanza tu likanishinda.
Nikasema uaminifu:
Mwakio wa getini akainua mikono, "Dada, nani kaibiwa?"
Nikasema utiifu:
Nafula akacheka mpaka kofia ya nailoni ikamvuka.
Nikasema kujitoa:
Nsubuga akauliza, kujitoa niende wapi,
na pasi yangu imo kabatini mwenu?
Bibi yangu, mzaliwa wa Mkunazini, angesema moyo.
Basi nikaandika moyo, kwa penseli, juu ya kila swali.
Moyo wako umo humu kiasi gani? Zungushia duara.

Mwakio kazungushia tano, tano, tano, mpaka chini,
kama mtu anayefunga vifungo vya shati.
"Mtihani huu majibu yake nayajua."
Ana watoto watatu skuli, Voi, na nyumba isiyo paa.
Ni tano ya ada hiyo, ni tano ya mabati,
na fomu haina safu ya mabati.

Nafula kaweka tatu, kisha kaieleza:
"Msimamizi simpendi. Tende nazipenda.
Iliyooza vidole vyangu vinaijua kabla ya jicho."
Nikabaki na kalamu hewani.
Moyo huo nimwandikie nani, kiwanda au vidole?

Nsubuga, moja. Moja kila pahala,
kaikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Na ni Nsubuga huyuhuyu, usiku ule wa Agosti,
chumba cha baridi kilipozima
na tani kumi na moja za khalasi zikaanza kutoa jasho,
aliyetoka bwenini na kandambili, hakuitwa na mtu,
akapakia katoni kwenye lori la friji la jirani
mpaka muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti.
Nilimuuliza, kwa nini?
"Chakula kinaoza, mimi nilale vipi?"
Kampuni hakuitaja.

Yupo anayebaki kwa kupenda,
yupo anayebaki kwa kuwiwa,
yupo anayebaki kwa kuwa mlango una komeo kwa nje.
Kwenye jumla wote wanakalia kiti kimoja
na wala hawasalimiani.

Jumatano nikajumlisha, nikagawa: tatu nukta sita.
Bwana Ghasani akafurahi, akaagiza kahawa,
mwaka jana tulikuwa tatu nukta moja.
Si mtu mbaya. Alinisikiliza habari ya Nsubuga
mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema
hiyo nayo ingefaa ipatiwe namba.
Halafu: "Na fomu yako wewe?"

Yangu imo kwenye droo. Nimejaza kumi na tatu.
La kumi na nne linauliza:
ukipata kazi nyengine, mshahara uleule, utaondoka?

Nje ya dirisha Nsubuga alikuwa anaosha kibakuli chake.
Akafunga bomba, akaenda hatua tatu nne,
akasikia tone.
Akarudi kulikaza.

Nikachonga penseli.
Nikaichonga tena,
hata ikawa fupi, haishikiki.