Kucha Moja

Miaka kumi na mmoja naosha mbwa wa watu, Mawaleh,
nyuma ya duka la mazulia, chumba hakina dirisha,
na mkono wangu wa kushoto una makovu saba.
Nilikuwa nikiyahesabu kama vyeti.

Ndipo bosi akatuandikisha darasani:
kila Jumamosi baada ya Isha, huko Ghubra,
ghorofa ya pili, viti vya plastiki, kiyoyozi kinakohoa.
Nilinung'unika njia nzima ndani ya teksi.
Samaki hukunjwa angali mbichi;
mimi ni ng'onda,
ukinikunja navunjika.

Daktari Zuwena bint Khalfan
Kiswahili chake ni cha bibi yake, cha Ng'ambo,
akikasirika anarudi kwenye Kiarabu.
Akaita majina: Jeevan. Shahdad. Rosalinda.
"Mwanasiti Bakari Chambuso,"
akalirudia polepole,
kama aliyeokota ufunguo wa nyumba iliyouzwa.

Akazima taa. Picha zisizo na sauti:
mbwa, mtoto, mpira. Sekunde tisa.
"Semeni mlichokiona."
"Anafurahi," nikawahi. "Mkia unacheza."
"Furaha umeiona wapi? Imekaa kiungo gani?"
Akarudisha. Akarudisha tena.
Mara ya nne nikaona:
ulimi unaramba pua, na chakula hakuna;
weupe wa jicho, mwezi mwandamo;
mwayo, na usingizi hana.
Na ule mkia ulikuwa juu, mgumu,
ukitetemeka kama sindano ya cherehani.

"Mbwa akikungurumia, unafanyaje?"
"Namkemea," akasema Shahdad.
Sote tulikuwa tunakemea.
Akaandika ubaoni, kwa Kiswahili, makusudi,
darasa zima likanigeukia mimi nilifasirie:
Kimya kingi kina mshindo.
Nikafasiri. Kiingereza changu cha dukani kikachechemea:
ukimnyang'anya mbwa mngurumo wake
hofu hujaiondoa, umeondoa kengele.

Nikaufunika mkono wangu kwa daftari.
Kovu la tatu, yule saluki wa Barka.
La tano, paka mweupe aliyekuwa akikoroma mezani,
nami nikidhani ni raha;
kumbe paka hukoroma hata akiumwa.
La saba nililistahili.

Usiku ule usingizi ulinipaa.
Nikakumbuka nilivyoshuka ndege mara ya kwanza,
nikisubiri mtu mwenye jina langu kwenye karatasi,
nikapiga miayo saa nzima.
Askari akaniambia, "Umechoka, mama."
Sikuwa nimechoka.

Jumatano wakamleta Barq,
kilo arubaini, mkanda wa mdomoni tayari,
nyayo zimeungua kwa lami ya Agosti.
Nikafungua faili lake. Wino mwekundu: MKALI.
Mwandiko ni wangu.

Nikazima kikaushio.
Nikakaa sakafuni, ubavu, nisimkabili,
magoti yakalia kabla yake.
Mkasi wa kucha nikauweka katikati yetu.
Akaunusa. Akaramba pua; nikauficha.
Nikautoa. Akageuza shingo; nikauficha.
Nje mteja anapiga honi.
Dakika ya ishirini na kitu
akaninusa kiwiko, akashusha pumzi,
mguu wake ukabaki kiganjani mwangu, mzito, moto.

Tak.

Kucha moja.
Akauvuta mguu, nikauachia.
Nikamfungulia mlango.

"Mteja amelipia miguu minne," bosi akafoka.
"Zimebaki kumi na saba," nikasema,
na nikajisikia nikipiga mwayo.

Lile neno jekundu nililikata.
Chini yake nikaandika niliyoyaona tu:
Masikio nyuma. Anapumua kwa mdomo. Alininusa.
Jumatano ijayo, ya pili.
Huenda.